Mume na Mke kwa Mujibu wa Hati

Ijumaa ya mwisho wa mwezi, katika ofisi ya hati za nyumba pale Rockville, Marekani, hata pa kusimama palikuwa hapapatikani. Ilikuwa Juni 2005, kila mtu ananunua nyumba na kila mtu anataka ufunguo kabla ya wikiendi. Wanunuzi wamejaa mapokezi na watoto wao, madalali wanazunguka huku simu ziko masikioni, na mashine ya nakala imeanza kunuka moto. Katikati ya purukushani hiyo Leokadia alikuwa ametulia tuli. Sketi ya kijivu imenyooshwa ikanyooka, blauzi ya hariri rangi ya maziwa, miwani usoni, kalamu tatu za bluu mkononi. Mtoto wa Bukoba huyu, miaka thelathini na moja, na kazi yake alikuwa ameishika barabara.

Kazi yenyewe haina siri. Anayeuza nyumba hamwamini anayenunua, anayenunua hamwamini anayeuza, basi wote wawili wanaiamini ofisi. Ofisi inashika fedha mpaka mambo yakamilike, inafukua hati za zamani kuhakikisha kwamba nyumba ni ya huyo anayesema ni yake, kisha inawaketisha mezani wasaini. Mwenye meza hiyo alikuwa Leokadia. Alikuwa na msemo wake ambao wenzake walishauchoka, kwamba watu wanasema wanachotaka lakini karatasi inasema kilichopo.

Siku hiyo mezani alikaa Mama Honorata, nesi mwenye asili ya Lubumbashi, kitenge cha njano toka kilembani mpaka vifundoni, na kalamu aliyopewa alikuwa ameirudisha mezani.

"Mi siwezi ku-signer," alisema. "Ule kijana wa kupanda paa aliona mashine ya maji ya moto iko na shida. Akuje, aniambie kwa kinywa yake kama imetengenezwa. Bon, hapo nitasaini hata mara mia."

"Mama, karatasi ya fundi hii hapa. Imetengenezwa jana."

"Karatasi haiogake maji, mama yangu."

Bahati nzuri mlango ulifunguliwa. Aliyeingia alikuwa mrefu, buti zina tope, tochi kiunoni, na mabegani amebeba manyoya ya pamba ya darini, ile ya kuzuia baridi. Alimpa Mama Honorata mikono yote miwili.

"Nimetoka hapo saa hii, mama. Nimefungua bomba mwenyewe. Maji ni moto, karibu nichomeke."

Mama Honorata akachukua kalamu, akasaini kurasa zote bila kuinua kichwa. Kijana akabaki amesimama pale mlangoni, anamtazama Leokadia akigonga mihuri.

"Umenichafulia zulia," Leokadia alimwambia walipobaki wawili.

"Pole, madam. Nilikuwa nakuokolea closing, ndio mama asaini leo."

"Jina lako?"

"Elkanah Marwa, mkaguzi wa nyumba. Mkenya, Mkuria, karibu kabisa na border. Nikirusha jiwe kwetu linaanguka kwenu."

"Basi usirushe."

Elkanah akacheka, akaonyesha mwanya. "Nyinyi Watanzania mnaongea kama mnasoma habari. Sema kitu ingine."

"Nenda nje ukafute viatu."

"Hata hiyo imetoka fiti."

Jumatatu akapiga simu kuuliza kama zulia limekauka. Jumanne akapiga kuuliza kama bado ameudhika. Jumatano Leokadia akamwambia aache kutafuta visingizio, akitaka kuzungumza azungumze. Kuanzia hapo simu haikupumzika.

Jumamosi Elkanah alimchukua wakazunguke nyumba anazokagua, akamwonyesha sehemu ambazo mnunuzi haangalii: darini, nyuma ya boila, chini ya ngazi. Aligonga ukuta kwa vidole, akatega sikio, akasema palipooza ni wapi. Leokadia alipenda kumtazama akisikiliza. Walikula kuku na chips pale Hyattsville alikokuwa anaishi, na alimsimulia watu wa kwao, zaidi dada yake mkubwa, Mama Boke, aliyemlea na ambaye kila Jumapili lazima amsalimie kwa simu. Tangu dada huyo alipozaa, hakuna aliyemwita jina jingine. Leokadia naye hakuuliza. Ilipofika Agosti alikuwa anamwita Bwana Paa, mwenyewe anaitwa Kadia, na alikuwa amempenda kwa kasi ambayo ilimtia hofu.

Mwezi Septemba Elkanah alimjia na habari.

"Nauza hii nyumba ya Hyattsville. Nimeona moja Columbia, iko na mwanga hadi jikoni. Faili naleta kwako."

"Kwa nini kwangu? Ofisi zimejaa Rockville nzima."

"Ofisi ni mingi. Kadia ni mmoja."

Faili lilifika Jumanne asubuhi, na Leokadia alilifungua huku anatabasamu, kikombe cha kahawa pembeni. Hati ya mwaka 2001, nyumba ilipokuwa inanunuliwa, ilikuwa juu kabisa. Mstari wa kwanza uliwataja wanunuzi: Elkanah Marwa na Ghati Marwa, mume na mke.

Aliusoma mara tatu. Mwanamume anayempenda alikuwa na mke, jina lake limeandikwa, limesajiliwa mahakamani miaka minne sasa. Alifunika faili, akainua simu, akachagua sauti yake ya kiofisi.

"Ghati atakuja kusaini?"

"Lazima," Elkanah alijibu kwa furaha. "Nyumba ni yetu sote wawili. Nilitaka ikuwe surprise, anakuja na mtoto, wanakaa kwangu wiki mzima. Nataka akuone."

"Anione mimi."

"Eeh. Nimemwambia kila kitu juu yako. Amefurahi sana."

"Amefurahi." Leokadia alifumba macho. "Na mliishi pamoja humo ndani?"

"Miaka miwili, mpaka akahama. Mbona, kuna shida na hati?"

"Bado mnapendana?"

"Sasa swali gani hilo, Kadia? Yule ni mtu wangu kabisa."

"Sawa. Faili lako nampa Ayanna. Na mimi usinipigie tena."

Ayanna ndiye aliyekuwa mwenye ofisi, mwanasheria Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni na kukizungumza kwa usafi wa kitabu. "Kuna tatizo gani na faili hili?" aliuliza. Leokadia akasema ni la rafiki yake, si vizuri alishughulikie yeye. Hilo halikuwa uongo, na Ayanna hakuchimba zaidi.

Elkanah alipiga simu siku nzima, na siku iliyofuata. Akaja ofisini, akaambiwa Leokadia yuko mezani na wateja. Akaacha ujumbe: "Kama nimekosea niambie ni wapi." Leokadia aliusikiliza mara nyingi kuliko angekubali kusema, kisha akaufuta. Wiki mbili zikapita namna hiyo, yeye anafanya kazi vizuri kama kawaida na chakula anakiacha mezani.

Asubuhi ya kusaini, Ayanna aliitwa Baltimore ghafla. "Utaongoza wewe," alisema kwa simu. Leokadia alikwenda kwenye kioo cha chooni, akapaka rangi nyekundu ya midomo, akanyoosha koti lake la buluu nzito. Kama mtu huyo anakuja na mkewe, basi amkute amependeza.

Elkanah aliingia amevaa shati jeupe la mikono mirefu, amepungua mashavuni. Nyuma yake alikuja mwanamke mnene, gauni la kitenge lenye mabega yaliyosimama, mtoto amelala kifuani.

"Ndiye huyu?" mwanamke aliuliza, akimpima Leokadia toka juu hadi chini. "Mrembo kweli. Lakini mbona amekunja uso?"

Leokadia alivuta hati. "Kabla hatujaanza, kuna swali ambalo nawajibika kuuliza. Hati inasema ninyi ni mume na mke. Bado ni hivyo, au mmeachana?"

Mwanamke akamhamishia mtoto bega jingine.

"Rudia," mwanamke alisema polepole.

Akarudia.

"Mume? Huyu?" Alimgeukia Elkanah kana kwamba ndiyo anamwona mara ya kwanza. "Huyu nimembeba mgongoni nikienda mtoni. Nimempangusa kamasi. Baba mmoja, mama mmoja. Bwana yangu yuko Minnesota anaendesha lori. Nani ameandika hiyo kitu? Kwetu hayo maneno hayatamkwi kwa mtu na dada yake."

"Wewe ndiye Mama Boke," Leokadia alisema.

"Na ungetaka nikuwe nani?"

Elkanah alikuwa anamtazama Leokadia, na Leokadia aliona wiki mbili zote zikimwingia akilini, simu moja baada ya nyingine.

Ili apate mahali pa kuweka macho, Leokadia akaanza kufunua hati. Karatasi zote huwa anazisoma mpaka mwisho, na hii ndiyo peke yake aliyoishia mstari wa kwanza. Ukurasa wa mwisho, kwenye kona ya chini, kulikuwa na herufi mbili ndogo za aliyeichapa: lk. Leokadia Kokushubira. Mwaka wake wa kwanza wa kazi alikaa kwenye ofisi moja ndogo iliyokwisha kufungwa, anachapa hati arobaini kwa siku kwa watu asiowaona hata sura. Mwanamume, mwanamke, jina la baba moja. Nani angefikiria zaidi ya hapo?

Hakuna mtu chumbani aliyejua maana ya zile herufi. Angeweza kuitupia lawama ofisi isiyokuwepo tena, akasahihisha, mambo yakaisha. Alivua miwani.

"Niliichapa mimi," alisema. "Herufi hizi ni za jina langu. Niliona jina moja nikawaoza bila kuuliza. Tutaandika hati ya marekebisho sasa hivi, mtasaini, na mauzo yatakwenda leo hii kama yalivyopangwa. Ayanna nitamwambia mwenyewe. Dada, naomba uniwie radhi."

Tumbo la Ghati likaanza kutikisika. Alicheka mpaka mtoto akaamka, akatoka naye nje kumnyamazisha, bado anacheka. Elkanah hakucheka. Alisaini kila karatasi aliyopewa, na walipomaliza wote akabaki kwenye kiti.

"Typing si kitu," alisema. "Hata mimi nimewahi kupita ufa nikauacha. Lakini nikiona ufa, naita mwenye nyumba namuuliza. Nilikuwa hapa, Kadia. Hukuniuliza."

"Niliuliza."

"Uliuliza kama Ghati atasaini. Hukuuliza kama niko na bibi."

Ilikuwa kweli. Elkanah aliinuka, akaaga kwa adabu kama mteja yeyote, akaenda zake.

Jioni hiyo Ayanna alisikiliza mkasa wote bila kumkatiza. "Kosa la miaka minne umelikiri mwenyewe, kwa hiyo kwangu limekwisha," alisema. "Hilo la wiki mbili mimi siwezi kukusaidia."

Jumamosi simu ya Leokadia iliita, namba asiyoijua.

"Mimi Ghati. Sijui nikuite wifi ama karani. Huyu ndugu yangu yuko Columbia anakagua ile nyumba anataka kununua, na tangu juzi hali, haongei. Andika address. Na ukienda, usiende kumwambia pole. Pole amesikia."

Leokadia aliendesha gari bila kupunguza mwendo. Alivaa gauni la kitenge cha kijani na viatu vya chini, hakubeba karatasi yoyote. Nyumba ilikuwa ya mbao nyeupe, madirisha mapana, majani ya mti wa jirani yameanza kuwa mekundu. Ngazi imeegemezwa ukutani. Elkanah alikuwa juu ya paa, amechuchumaa karibu na bomba la moshi.

"Elkanah."

Aligeuka, akamwona, hakusimama. "Nakusikia."

"Nina swali."

"Uliza."

"Una mke?"

"Sina."

"Uliwahi kuwa naye?"

"Sijawahi."

"Kuna mtu mwingine, kwenye hati au nje ya hati?"

"Kuna mmoja. Alinikatia simu."

Leokadia alishika ngazi. "Nilikuogopa," alisema. "Nilikuwa nimekupenda sana, na nilipoona ile karatasi nikaona heri niiamini kuliko kukuuliza nikasikia kwa mdomo wako. Nilikosea. Nimekukosa mpaka nimekonda, angalia gauni linavyonipwaya. Sitakufanyia hivyo tena. Nikiwa na shaka nitakuuliza, hata kama jibu litaniua."

Elkanah aliweka tochi chini. Mwanya ukaonekana kidogo, ukajificha tena.

"Umemaliza?"

"Bado moja. Unataka mke?"

Sasa alisimama wima, mkono umeshika bomba la moshi, anamwangalia kama anayetaka kuhakikisha.

"Unauliza kwa niaba ya ofisi?"

"Nauliza mimi Leokadia, kwa niaba yangu."

"Nataka," Elkanah alisema. "Nataka sana. Lakini ngoja nishuke, uniulize tena nikiwa chini. Hapa nitaanguka."

Akashuka ngazi moja baada ya nyingine, taratibu, na Leokadia ameishikilia kwa mikono miwili. Buti zilipokanyaga nyasi, akamuuliza tena.