Siku Kama ya Reo

Mjukuu wangu Mitchel ana kipindi anachosikiliza kwenye simu kila asubuhi akipiga pasi nguo za kazi. Wanakiita podikasti. Mtangazaji anaeleza mambo yaliyotokea zamani tarehe kama hiyo: meli ilizama mahali fulani, mfalme akapinduliwa, nchi fulani ikapata uhuru. Juzi nilimwomba azime. Akacheka.

"Kwani Kukhu, historia inakuumanga wapi?"

Nikamwambia aweke pasi kando, akae, nimsimulie habari ya Mama Willis.

Jina lake hasa lilikuwa Jescah. Mimi na yeye tuliolewa na ndugu wawili, boma moja, kule Buyangu, mahali mashamba ya miwa yanapoishia na msitu unaanza. Mimi nilikuwa mke wa Osundwa, babu yako. Yeye alikuwa mke wa Makokha. Tulichota maji pamoja, tukapalilia pamoja, na mmoja wetu akiugua mwingine ndiye aliyempikia. Binti yangu Awinja alikuwa shule ya bweni. Yeye alikuwa na mtoto mmoja tu, Willis, kijana wa miaka saba, mwenye kicheko cha kuchokoza hata mbuzi.

Tarehe tisa Agosti, mwaka wa tisini, Willis alimwambia mama yake anaenda kuchuma mapera pembeni mwa msitu. Jua lilikuwa linawaka vizuri. Jescah alikuwa anapukuchua mahindi uani. Alimwambia asikawie. Mpaka gunia lilipojaa, mtoto hakuwa amerudi.

Wanaume waliingia msituni na mbwa na mapanga. Walienda mpaka mtoni, wakarudi, wakaenda tena. Hatukupata shati. Hatukupata hata uzi wa shati. Makokha alianza kukohoa mwaka uliofuata, akafa, na Jescah akabaki peke yake na redio ya mumewe.

Siku hizo, baada ya taarifa ya habari ya asubuhi, kulikuwa na kipindi kifupi kilichoitwa Siku Kama ya Leo. Kilikuwa kama hicho chako, Mitchel. Mtangazaji alikuwa na Kiswahili kilichonyooka kama cha watu wa Pwani. Jescah alikuwa akikisikiliza akiwasha moto, bila kujali sana, kwa sababu nyumba yenye mtu mmoja inataka sauti.

Mwezi wa Machi, mwaka wa tisini na nne, alikuja mbio jikoni kwangu, miguu mitupu, kikombe cha chai kikiwa bado mkononi.

"Mama Awinja, njoo usikie. Njoo!"

Nilipofika nilikuta redio imenyamaza. Aliketi chini akanieleza. Mtangazaji alikuwa ameaga. Kukafuata mvumo kama mvua juu ya mabati. Halafu sauti nyingine ikaja, sauti ya mtu mzima, ya pole, ikizungumza kama watu wa kule kwetu wanaotamka l kuwa r.

"Ilisema, 'Siku kama ya reo, mwaka wa themanini na tatu, kwa boma ra Makokha, kurizariwa kijana. Mama yake arikuwa peke yake. Arikata kitovu na wembe wa kunyorea.'"

Ilikuwa kweli siku ya kuzaliwa ya Willis. Na mimi, niliyefika baadaye siku ile na kumwogesha mtoto, sikuwahi kujua habari ya wembe.

Nilimwambia ni huzuni. Nilimwambia ale, apumzike. Asubuhi iliyofuata nilienda kwake ili nimthibitishie kwamba hakuna kitu. Mtangazaji alisimulia vita vya mbali, akaaga. Mvumo ukaja. Kisha sauti. Ilisema ng'ombe wa jirani yetu aliibiwa siku kama hiyo, na ikamtaja mwizi, na mwizi alikuwa mzee wa kanisa letu.

Nilijiambia sitarudi. Nilirudi. Mwezi wa Aprili ilinifikia mimi.

"Siku kama ya reo, mwaka wa sabini na tisa, mama Awinja arizika mtoto asiyepumua. Arimpa jina. Hajawahi kuritamka."

Halafu ikalitamka.

Sijui hata leo nilifikaje nyumbani. Lile jina nililisema moyoni tu, nikiwa nimepiga magoti kwenye kaburi. Osundwa mwenyewe hakulijua. Nilipomweleza, alisema kitu hicho kitoke bomani. Watu wa kanisa wakaja, wakaimba, wakaweka mikono juu ya redio. Yule mzee aliyetajwa kwa wizi wa ng'ombe ndiye aliyeomba kwa sauti kubwa kuliko wote.

Jescah aliikumbatia redio kama mtoto mchanga.

"Shemeji, niachie mpaka Agosti," alimwambia Osundwa. "Inajua siku aliyozaliwa. Itajua na siku aliyopotea. Niisikie hiyo moja tu. Baada ya hapo utaichoma, na kiberiti nitakuletea mimi."

Osundwa alikuwa na moyo mwepesi kwa shemeji yake. Alikubali.

Kisha ikatokea habari ya Protus. Huyu alikuwa kijana wa kupakia miwa, kila asubuhi alipita nyuma ya nyumba akipiga mluzi. Siku hiyo, mwezi wa Julai, alikuwa ametusalimia, tukamjibu, na mluzi wake tulikuwa bado tunausikia kule barabarani sauti ilipoanza.

"Siku kama ya reo, mwaka wa tisini na nne, Protus arianguka kwa trera ya miwa. Hakuamka."

Tulitazamana.

"Mwaka huu," Jescah alinong'ona. "Mama Awinja, imesema mwaka huu."

Tulikimbia. Tulimpata njiani, tukamshika shati, tukamwomba asipande trela. Alitucheka. Alisema wamama wa boma letu tumeanza kunywa pombe ya busaa mapema. Kabla ya saa sita walimleta amelazwa juu ya mlango uliong'olewa, na uso wake ulikuwa bado na lile tabasamu la kutucheka.

Osundwa hakuniambia alichokusudia. Alingoja Jescah aende kuchota maji. Aliichukua redio, akaipasua kwa shoka, akavitupa vipande vyote ndani ya shimo la choo. Jescah aliporudi na kuona meza tupu, mtungi ulianguka kutoka kichwani mwake. Hakupiga kelele. Alikwenda akaketi kando ya choo, mgongo kwenye mti, na hapo akashinda siku nyingi. Nilimpelekea obusuma, ugali wetu, na mboga. Aliviacha viliwe na kuku.

"Ilikuwa imebaki kidogo tu," aliniambia. "Kidogo tu, mama. Amenizikia mtoto kabla sijajua alikufia wapi."

Tarehe tisa Agosti ilipambazuka na jua, kama ile nyingine. Jescah alikuja akapiga magoti mlangoni kwetu.

"Shemeji, washa redio yako."

Osundwa alitoa betri za redio yetu akazitia mfukoni. "Shemeji, mimi nakupenda kama dada. Ulimwona Protus. Leo utakaa hapa na sisi, tutaomba, na siku itapita."

Tulikaa. Muda wa kipindi ukafika. Redio yetu ilinyamaza mezani, tumbo lake wazi. Nilianza kupumua.

Ndipo mvumo ukaanza, kama mvua juu ya mabati.

Ulitoka nje. Ulitoka chooni.

Jescah alisimama, akatoka. Tukamfuata. Sauti ilikuwa chini kabisa, ndani ya shimo, lakini kila neno lilikuwa safi.

"Siku kama ya reo, mwaka wa tisini, kijana Wirris ariingia msituni. Ariitwa. Ariyemwita arikuwa na sauti ya mama yake."

"Mimi sikumwita," Jescah alisema. Aliliambia shimo, taratibu, kama mtu anayejieleza kwa chifu. "Nilikuwa hapa na mahindi. Mimi sikumwita."

"Siku kama ya reo, mwaka wa tisini na nne..."

Osundwa alimrukia akamziba masikio kwa viganja. Mimi nilianza kuimba. Niliimba wimbo wa kanisa kwa nguvu zangu zote, macho nimefumba, ili nisisikie. Sikusikia. Nilipofungua macho kulikuwa kimya, na Jescah alikuwa anatutazama wote wawili kwa huruma.

"Nimesikia," alisema.

Hakutueleza alichosikia. Tulimwingiza nyumbani kwetu. Osundwa alifunga mlango kwa komeo, akaketi kitini hapo mlangoni, panga magotini. Jescah nilimkalisha kitandani, nikamshika mikono. Jua lilipanda. Kuku walikuwa wanaparua nje. Nilianza kufikiri kwamba siku inapita.

Kisha tukasikia mtu anaita kutoka msituni.

"Willis! Willis wee! Njoo!"

Ilikuwa sauti ya Jescah. Ile ile, na ule mkwaruzo wake. Na Jescah alikuwa mbele yangu, mikono yake ndani ya yangu. Mdomo wake ulikuwa umefungwa.

"Willis wee!"

Mbali, upande wa mtoni, mtoto akajibu.

"Mama! Nakuja!"

Jescah akaanza kuivuta mikono yake. "Anamjibu," alisema. "Mama Awinja, anamjibu, na yule si mimi. Nifungulieni. Anamwendea tena. Nifungulieni, nawaomba, anamwendea!"

Nilimshikilia. Alikuwa na nguvu za watu watatu. Aliuma bega langu, bado nikamshikilia. Lakini sikumwangalia Osundwa. Osundwa ndiye aliyembeba Willis mabegani kila Jumapili. Alimtafuta msituni mpaka viatu vikamchanikia miguuni. Mtoto aliita tena, na safari hii aliita, "Baba Awinja!"

Komeo lilianguka. Nilipogeuka mlango ulikuwa wazi na mume wangu alikuwa tayari shambani, anakimbia, analia kama mtoto mwenyewe, "Willis! Simama hapo! Usiende! Nakuja!"

Jescah aliniponyoka.

Niliwafuata mpaka mwisho wa miwa. Pale miti inapoanza niliogopa kuingia. Nilisimama. Sauti mbili za Jescah ziliita ndani, moja kushoto, moja kulia. Zikakaribiana. Zikawa moja. Halafu hakuna. Hata ndege hawakulia.

Jua lilikuwa limeshuka Osundwa alipotoka, akimvuta Jescah kwa mkono. Nguo za Jescah zilikuwa na matope, uso wake umetulia. Nilimkumbatia nikalia. Alinipigapiga mgongoni, polepole, kama anayemtuliza mgeni.

Jioni hiyo alikula. Alikula sana, akaomba tena. Alipoenda kulala, Osundwa alinivuta karibu na moto.

"Mtoto sikumwona," alinong'ona. "Nilimwona shemeji mbele yangu anamwita. Nikageuka. Alikuwa nyuma yangu pia, ananiomba nimsaidie."

"Ukafanya nini?"

Aliangalia mikono yake.

"Nilimshika mmoja."

Jescah aliishi na sisi. Alilima, alichota maji, alisalimia watu kwa adabu. Ile hamu ya kwenda kukaa chooni ilikwisha. Watu wa kanisa walimshukuru Mungu kwa kumponya. Siku moja tukipeta maharagwe nilijipa moyo nikamwambia, "Willis angekuwa mkubwa sasa."

Aliinua macho. Hayakuwa na chuki wala machozi.

"Willis ni nani?" aliuliza.

Siku zile zile ndipo tulianza kusikia sauti nyingine. Ilikuja mchana, jua likiwa kali, kutoka upande wa msitu.

"Mama Awinja! Niko huku! Shemeji! Mbona mmeniacha? Nimempata, lakini njia siioni. Niitikieni tu, nitafuata sauti!"

Ni nani angeitikia? Niambie, Mitchel. Osundwa aliingia mara nyingi na mbwa. Mbwa walirudi mkia katikati ya miguu. Mimi nilijaza pamba masikioni. Yeye tuliyekuwa naye bomani alikuwa akiendelea kupeta maharagwe, hageuki, hatikisiki, mpaka sauti inyamaze. Ilizidi kukauka kila siku. Mwishowe ilibaki kama pumzi tu, "Niitikieni... niitikieni..." Kisha ikaisha.

Wiki hiyo hiyo yule wa bomani aliaga asubuhi, akachukua kikapu, akasema anaenda soko la Matete. Alituaga vizuri. Watu walimwona akipita njiani. Sokoni hakuna aliyemwona. Hakurudi.

Tuliifunga nyumba yake. Mvua ya masika ilipokuja nilikwenda nyuma kukata nyasi zisilete nyoka, mahali ambapo mtu hakuwa amekanyaga tangu mwaka uliopita. Nilikuta njia. Njia nyembamba, ngumu, iliyosuguliwa na miguu, imetoka moja kwa moja msituni mpaka ukuta wa nyuma, ambako hakuna mlango wala dirisha. Ilikuwa na nyayo za mtu mzima, na pembeni yake nyayo ndogo. Zote zilielekea nyumbani. Za kurudi hazikuwepo.

Pale njia ilipogusa ukuta, udongo ulikuwa umelika ukawa laini, mviringo wa ukubwa wa mdomo, usawa wa mdomo wa mwanamke. Chini yake, usawa wa kiuno changu, kulikuwa na mwingine mdogo.

Osundwa aliukandika ukuta ule kwa udongo mpya. Viduara vilirudi. Aliukandika tena kabla hajafa, na vikarudi. Mwaka jana nilipoenda kuangalia boma nilipita nyuma nikaweka kiganja juu ya kile kidogo. Mvua haikuwa imenyesha mwezi mzima. Udongo ulikuwa umelowa, na ulikuwa na joto.