Runinga ya Kupigwa Kofi

Kitu cha kwanza Sol-mi alichokiona ni koti. Manyunyu yalipoanza katika soko la mitumba la Hwanghak, kila mtu alikimbilia kufunika kichwa chake. Kijana mmoja mrefu mwenye miwani iliyogangwa kwa gundi alivua koti lake, akaifunika runinga ya zamani ya miguu minne, yeye akabaki analowa.

"Ni yako?" Sol-mi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Siyo yangu. Na wewe usiinunue. Imekufa."

"We Gyu-tak!" muuzaji alifoka. "Kila siku unanifukuzia wateja! Huna duka lako?"

"Ninalo. Ndiyo maana najua imekufa."

"Lakini ina milango," alisema Sol-mi, akiisukuma milango ya mbao iliyoteleza mbele ya kioo. "Bibi yangu alikuwa nayo kama hii. Mtaa wetu ulipobomolewa ikapotea. Sasa tumehamia ghorofani, kila jioni anakaa anautazama ukuta. Chakula hagusi."

Gyu-tak alishusha pumzi kama mtu aliyetwishwa mzigo wa jirani. "Haya, inunue. Nitaitengeneza. Ila ikipona, uiheshimu."

Ikakaa kwenye karakana yake ya Euljiro tangu miti ilipochanua mpaka joto lilipoanza. Sol-mi akitoka kushona vifungo kiwandani alipitia na kimbap, wali uliovingirishwa kwa mwani, akakaa kwenye stuli na gauni lake la njano, akimtazama akibadilisha taa za kioo zilizokuwa ndani ya runinga.

"Imefikia wapi, fundi?"

"Usiniite fundi. Fundi ni yule mzee wa karakana ya chini."

"Nikuite nani?"

"Mpenzi, ukipenda." Alisema bila kuinua kichwa, lakini masikio yalimwiva, na risasi ya kulehemu ikadondoka pasipotakiwa. "Ona sasa! Umeniharibia!"

Siku runinga ilipofika nyumbani, king'amuzi kikiwa kimefichwa nyuma yake, bibi alimaliza bakuli zima la wali. Wiki haikuisha, Sol-mi akapiga simu.

"Mpenzi... imezima."

"Imezima vipi? Nimeikagua mwenyewe!"

"Imezima tu."

Akaitengeneza. Ikazima. Akaitengeneza tena, ikarudishwa tena karakanani. Mara ya mwisho alifungua mgongo wake, akakuta taa moja imechomoka kwenye tundu lake, na ubavuni, juu ya vanishi aliyoipaka kwa mkono wake, alama ya kiganja.

"Sol-mi, hii inapigwa."

Sol-mi alitazama viatu vyake.

"Nani anaipiga? Macho yameniuma kwa ajili ya runinga hii! Ni punda?"

Angesema nini? Bibi kumbukumbu zilikuwa zinamtoka. Zamani babu ndiye aliyeizaba runinga yao ili picha irudi, na siku hizi bibi aliizaba mwenyewe, akiamini babu yuko jikoni. Kulisema hilo aliona ni kama kumvua bibi nguo sokoni. Tena chini yake kulikuwa na jambo jingine, ambalo aliona aibu hata kuliwaza.

"Basi ichukue. Ikiharibika tena siigusi," alisema Gyu-tak.

"Sawa, fundi," alijibu Sol-mi, na neno hilo likawachoma wote wawili.

Simu zikakatika. Runinga ikaanza kuonyesha chenga tupu, na bibi akaacha kula. Sol-mi alimwekea nyimbo kwenye simu, bibi akaisukuma. "Kioo cha kujipodolea hiki!"

Jioni moja Gyu-tak akapiga.

"Inafanya kazi?"

"Inafanya."

Pa! "Amka, mvivu wewe!" sauti ya bibi ilivuma nyuma ya Sol-mi. "Mzee! Njoo uizabe, mkono wangu haiusikii!"

"Huyo ni bibi?" aliuliza Gyu-tak.

"Ndiyo."

"Na mzee?"

"Alishafariki."

"Kwa nini hukusema, Sol-mi?"

"Ungetucheka."

"Nani? Mimi ninayevisha runinga koti?"

Kesho yake alikuja na boksi la peasi, shati jeupe limekosewa vifungo. Akamwinamia bibi mpaka paji likagusa sakafu, kisha akafungua runinga, analalamika tangu mwanzo hadi mwisho. Kila taa akaibana kwa mpira ili kofi lisiiumize. Halafu akalegeza waya mmoja mdogo wa king'amuzi, akiukunjia uso kama anameza dawa.

"Maisha yangu yote sijaacha waya umelegea. Wenzangu wakisikia, nimekwisha."

Picha ikapotea.

"Bibi, piga hapa."

Pa! Mwimbaji akatokea. Bibi akacheka, akachukua kijiko.

"Ilitaka kofi tu. Mafundi wa siku hizi hamjui kitu."

Gyu-tak alifumba macho. "Ndiyo, bibi."

"Umeoa?"

"Bado."

"Ndiyo maana vifungo vimekushinda. Mjukuu wangu anavijua."

Mbele ya lifti Sol-mi alianza kumfunga shati upya. Gyu-tak akatikisa kichwa.

"Bibi yako ana mkono! Lile kofi lililoacha alama ya kiganja liling'oa mpaka taa."

Vidole vya Sol-mi vilisimama kwenye kifungo cha juu.

"Hilo halikuwa la bibi," alisema. "Runinga ilikuwa nzima, na mimi sikuwa na sababu ya kuja kwako. Niliipiga mimi."