Sehemu ya Kumi na Sita

"Sasa hii umenipea ni ya nini?" Wachuka aliweka flashi juu ya kaunta. "Mami amezima TV na rimoti ameficha."

Shakir alikuwa akimwekea mteja mwingine filamu za kivita. Aliacha kipanya, akacheka kabla hata hajaambiwa kisa.

"Leo amekasirishwa na nani?"

"Ni yule mama ya kijana kwa hiyo tamthilia. Ati anaita msichana kwa hoteli, anamrushia maji kwa uso, halafu anampea bahasha aachane na mtoto wake. Mami anasema angekuwa yeye, angekunywa maji yenye imebaki, achukue bahasha, na kijana pia aende naye."

Mteja wa filamu za kivita naye akacheka. Ndivyo mambo yalivyokuwa katika lile duka dogo la muvi mjini Nyeri. Watu walikuja kujaza flashi, lakini Jumamosi wengine walichelewa kuondoka makusudi, wamsikie msichana wa Mweiga akileta hukumu za mama yake.

Mama mwenyewe aliitwa Nyaguthii. Moyo ulikuwa umemchoka, miguu imevimba, shamba la viazi amewaachia wengine, na siku nzima alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Kilichobaki cha kumchangamsha ni tamthilia za Wakorea. Kiingereza hakukijua, kwa hiyo Wachuka akitoka kazini kwenye duka la dawa za mifugo hapo Mweiga alikaa chini kando ya kile kiti, akasoma maandishi ya chini ya skrini na kuyageuza Kikuyu papo hapo, wakati mwingine mdomo ukiwa umejaa githeri ya mahindi na maharagwe.

Majina ya Kikorea yalimshinda Nyaguthii, akayatupilia mbali. Kila kijana mkuu alimwita Mwai na kila msichana Kabura, iwe tamthilia gani. Basi Mwai na Kabura walikutana, wakagombana na kuoana mara nyingi mno katika nyumba ile, kila mara wakiwa na sura mpya.

Na maoni alikuwa nayo. Tamthilia za Wahindi alizikataa kabisa, kwa sababu mtu akipigwa kofi moja, lazima uonyeshwe uso wa kila jamaa mara tatu mpaka chai ipoe. Wakorea aliwavumilia, ila alitaka kujua kwa nini wasichana wao wanalala na lipstick, na kazi ofisini hufanywa na nani. Mwai akimshika Kabura mkono na kumvuta barabarani, Nyaguthii alisema hivyo ndivyo mbuzi huvutwa soko la Chaka.

Lakini kilichomuudhi zaidi ni kuomba msamaha kwa simu.

"Mtu akikosa, aje mpaka kwa lango," alimwambia Wachuka. "Asimame hapo aonekane na majirani. Simu ni ya kuuliza bei ya viazi."

Wachuka alilifikisha hilo dukani kama alivyofikisha mengine. Shakir alilicheka sana. Angejua, asingelicheka.

Sasa nikwambie jambo ambalo Wachuka hakulijua. Kliniki ya mama yake ilikuwa mara moja kwa mwezi, na mwanzoni hiyo ndiyo siku pekee aliyofika mjini. Shakir, kijana wa mtaa wa Majengo, mpole, mwenye haya kupita kiasi, aliona mwezi ni mrefu mno. Akabuni ujanja wake. Kila alipomjazia tamthilia, aliiacha sehemu ya mwisho. Jumamosi inayofuata Wachuka angerudi akilalamika, yeye angeomba radhi, angeiweka ile sehemu pamoja na tamthilia nyingine mpya, nayo pia bila mwisho. Hivyo ndivyo alivyojipatia Jumamosi zote. Ujanja wa kitoto, na ulifanya kazi vizuri.

Nyaguthii hakuwa mjinga. Jioni moja, Kabura akilia kwenye skrini, aliuliza bila kugeuka.

"Huyo kijana wako wa flashi atakuja hapa lini?"

"Si wangu, mami. Na ni Mwislamu."

"Na huyu Mwai ni wa dini gani? Tangu tuanze kumwangalia umewahi kuuliza?"

Usiku huo Wachuka alilala akitabasamu, na Jumamosi alivaa sweta yake nyekundu.

Kisha ikaja ile tamthilia ya mwisho. Mwai wa safari hii alikuwa amemficha Kabura jambo: ni baba yake mwenyewe aliyewafukuza kina Kabura kwenye duka lao la tambi. Alilijua tangu siku ya kwanza, akanyamaza kwa kuogopa kumpoteza. Sehemu ya kumi na tano iliishia Kabura amegundua, amesimama barabarani kwenye theluji, hasemi kitu. Na ya kumi na sita haikuwamo.

Ilikuwa Alhamisi. Tangu juzi yake Nyaguthii alikuwa hawezi kulala chali, akilala ameketi kwenye kile kiti, pumzi ikivutwa kwa shida. Daktari alikuwa ameongeza dawa na kusema wangoje. Wachuka akachukua simu, akaandika.

"Shakir ile ya 16 haiko tena. Mami anaitaka sana, hali yake si poa. Naweza tuma mtu wa boda aichukue leo?"

Jibu likaingia.

"Pole sana. File iliharibika, bado naitafuta. Jumamosi haikosi. Utakuja mwenyewe?"

"Sawa. Nitakuja."

Ijumaa mchana mama aliamka kidogo. Aliomba uji, akanywa vijiko viwili. Kisha akamshika binti yake mkono.

"Kabura alimsamehe?"

"Tutajua kesho, mami. Shakir anaitafuta."

"Mimi naona atamsamehe," mama akasema. "Lakini ningependa kuona vile atasema."

Hakufika jioni.

Shakir alikuja mazishini na vijana wawili wa Majengo. Alibeba viti, akasimama nyuma na wanaume, na wakati wa kufukia kaburi alishika koleo mpaka mwisho. Wachuka alimwona kupitia machozi na akamshukuru Mungu kwamba yupo. Nasema hili ili ujue jinsi alivyokuwa karibu naye siku ile.

Wiki iliyofuata jirani yao Wangui alikuja kukaa naye. Alikuja na maziwa, na flashi yake, akisema nyumba isiyo na sauti huongeza majonzi. Akaichomeka kwenye TV. Orodha ikafunguka, na Wachuka akaliona jina la ile tamthilia, na chini yake namba moja hadi kumi na sita.

"Wangui, hii ulijaza wapi?"

"Kwa Shakir, si ndio kwenu pia? Ilikuwa Jumatano, ile wiki mami... Kwani iko na shida?"

Wachuka alitoka nje, akasimama kando ya boma la ng'ombe, akapiga simu.

"Shakir. Ile file iliharibika siku gani?"

"File gani?"

"Ya kumi na sita. Wangui ulimpea Jumatano, iko sawa kabisa. Mimi nilikuuliza Alhamisi."

Upande wa pili ilisikika mashine ya kunyolea ya kinyozi jirani.

"Wachuka, wallahi sikujua amezidiwa hivyo."

"Nilikuandikia hali yake si poa."

"Nilitaka tu uje. Kila wakati nilikuwa naiacha ndio urudi. Sikuwa na njia ingine ya kukuona."

"Kila wakati?"

"Kila wakati."

Wachuka alikata simu. Jioni hiyo jumbe ziliingia mfululizo. Nisamehe. Sikulala. Niambie nifanye nini. Ungenipiga ingekuwa afadhali. Alizisoma zote, hakujibu hata moja. Shakir alituma siku ya pili na ya tatu, kisha akaacha. Nadhani ndipo alipoyakumbuka maneno ya bei ya viazi.

Jumamosi asubuhi mvua ndogo ilikuwa ikinyesha kutoka upande wa milima ya Aberdare. Wangui ndiye aliyemwona kwanza, akiwa njiani kupeleka maziwa.

"Kuna mtu kwa lango lenu," alimwambia Wachuka. "Amekataa kuingia. Anasema amekosa, asimame hapo kwanza."

Wachuka alimwacha asimame. Majirani walipita, wakamsalimu, wakamtazama, wakapita tena. Kofia yake nyeupe ililowa ikamganda kichwani. Hatimaye Wachuka akaenda kufungua.

"Umekuja na hiyo kitu?"

"Nimekuja nayo."

"Ingia basi."

Alimpa chai, kwa sababu hata aliyekukosea akifika kwako hunywa chai. Akachomeka flashi. Shakir alitaka kuketi, akaona kiti kilichobaki ni kile cha dirishani, akakaa chini kwenye zulia.

Sehemu ya kumi na sita ikaanza. Na Wachuka, bila kujua, akaanza kusoma. Alisoma maandishi na kuyageuza Kikuyu kwa sauti, amekielekea kile kiti kitupu, kama alivyozoea jioni zote. Mwai akija kwenye theluji, alisema Mwai amekuja. Kabura akimuuliza kwa nini alinyamaza, aliuliza kwa Kikuyu kwa nini ulinyamaza. Shakir alizaliwa Nyeri, Kikuyu alikisikia chote. Aliinamisha kichwa, na chai ikapoa mkononi.

Kabura alimsamehe Mwai. Alimsamehe kwa neno moja, wakakumbatiana, muziki ukapanda.

"Amemsamehe, mami," Wachuka alisema. "Lakini ameharakisha. Ungekasirika."

Akalia hapo kwa muda mrefu, na Shakir hakuthubutu kumgusa. Alipotulia, ndipo Shakir alipouliza.

"Na mimi?"

"Wewe nimekusamehe. Umekuja mpaka kwa lango. Mami angeniambia nikusamehe, na mimi mwenyewe nimetaka."

"Basi naweza kungoja. Hata mwaka."

"Hapana, Shakir. Sikiza." Alikuwa akipangusa uso kwa ncha ya leso. "Ungeniambia tu njoo, ningekuja bila flashi. Nilikuwa nakupenda. Ile Alhamisi ukiniandikia Jumamosi haikosi, unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Mami anapumua vibaya hapo kwa kiti, na mimi nafikiria sweta ya kuvaa. Ningeweza kukusumbua, ningetuma boda kwa duka ingine. Sikutuma, kwa sababu nilitaka Jumamosi yangu."

"Hiyo si makosa yako."

"Yako nimeisamehe. Hii yangu ndio imenishinda. Na nikikuona naiona."

Shakir hakubishana. Aliweka kikombe chini, akasema amina kwa jambo ambalo hakuna aliyeliomba kwa sauti, akasimama. Wachuka alimsindikiza hadi langoni kama mgeni yeyote wa heshima. Waliagana kwa mikono, na mkono wa Shakir ulikuwa bado baridi.

"Flashi ni ya mama yako," Shakir alisema, akiionyesha nyumba kwa kidevu, ile flashi ikiwa bado kwenye TV. "Ibaki hapa."

Wachuka alifunga lango. Alirudi ndani, akakisogeza kile kiti karibu kidogo na TV, akairudisha sehemu ya kumi na sita mwanzo, akasoma tena, safari hii polepole.