Bei ya Mkuyu wa Karani

Mti haunenepi kwa muda wa kwenda kunywa maji. Hilo hata Bingwa alilijua, na Bingwa hakuwa mtu wa kujua mengi.

Alikuwa mkata miti. Jina la Bingwa alijipa mwenyewe, akaliandika kwa rangi nyekundu ubavuni mwa msumeno wake wa mashine, maana angengoja watu wampe angezeeka hana. Bei aliipima kwa mikono: anaukumbatia mti, anahesabu makumbatio, kila moja laki. Asubuhi ile aliupima mkuyu wa jirani yake, uliolalia paa la jiko, akapata makumbatio mawili na shibiri. Akaenda kunywa maji. Aliporudi kuhakikisha akapata matatu kamili, na gome lilikuwa na joto, joto la mgongo wa mtu mwenye homa.

Mwenye akili angekimbia. Bingwa alitabasamu: laki imeongezeka.

Jirani mwenyewe alikuwa karani mstaafu, bahili wa kutupwa, mwanamume wa kuzima taa wakati mgeni bado anatafuta kiatu chake. Mwaka uliopita, kwa kinyozi, mbele za watu, alisema Bingwa ni mpasua kuni tu anayejisikia. Neno lile lilikuwa bado limemkwama Bingwa kooni. Kwa hiyo alipokaa kuwaza bei, hakuwa akiwaza bei hata kidogo. Alikuwa akitafuta tusi.

"Nikimtoza laki tatu atasema namwibia," alimwambia mkewe, fundi cherehani. "Nikimpunguzia atasema nina njaa."

"Si kweli unayo?" mkewe akasema, pini mdomoni. "Chukua haki yako ulete nyumbani. Sijawahi kuipika hiyo heshima yako ikaiva."

"Nitamkatia bure. Mtaa mzima usikie."

Cherehani ikasimama. "Bure? Umesahau sharti la mzee wako wa kazi?"

Mzee aliyemfundisha kazi alikuwa na sharti moja tu: mti mkongwe usiuguse kabla mwenyewe hajakutia pesa mkononi, hata sarafu moja. Miti mikongwe ina wapangaji. Mwenye mti akilipa, basi yeye ndiye aliyemfukuza mpangaji wake, watajuana wenyewe. Asipolipa, umemfukuza wewe kwa hiari yako, na ni juu yako kumpa pa kulala.

"Mambo ya kizamani hayo," Bingwa akasema, akatoka kifua mbele.

Alisimama katikati ya njia. "Mzee Karani! Mti wako naukata bure! Mimi maskini siwatozi!"

Akangoja yule mzee ayeyuke kwa aibu. Aibu! Aibu ilikwishamhama Karani zamani, ilipoona hailishwi.

"Mungu akuzidishie, mwanangu," Karani alijibu harakaharaka. "Bure kabisa? Hutakuja kudai?"

"Nimesema bure!"

"Majirani, mmesikia." Kisha akaingia ndani, akatia komeo, akafunga madirisha yote, mpaka kale kadogo ka bafuni. Bingwa aliliona hilo, akadhani ni vumbi analokimbia.

Saa saba mchana, jua la utosi, msumeno ukanguruma. Mti ulianguka bila kishindo, kama kanga iliyoteleza kwenye kamba, na pale kwenye kisiki pakapanda harufu ya ubani na nywele zilizoungua, ikamfuata Bingwa mpaka getini kwake, ikapita mlangoni kabla yake, ikatangulia chumbani, na alipoketi kitini kula, alisikia mikono miwili mirefu, yenye joto lile lile la gome, ikimzunguka kifua kutoka nyuma taratibu, ikikutana mbele, ikipishana, na sauti kavu sikioni mwake ikihesabu:

"Hata kumbatio moja halijafika." Halafu, kwa dharau kabisa: "Chembamba. Nilikuwa nakaa mahali papana."

Tonge likamwanguka Bingwa mapajani.

Kuanzia hapo nyumba ikawa na watu watatu. Mchana kiti cha Bingwa kilibonyea bila mtu. Maji ya mtungi yalipungua kwa mikupuo, gu, gu, gu, na hakuna aliyeshika kata. Wakilala, kitanda kililemea upande wa ukutani.

"Ni wewe unayepumua hivyo?" mkewe alinong'ona.

"Mimi nimebana pumzi."

"Basi ni nani aliyeniwekea mguu?"

Bingwa mzima alikuwa chini ya shuka.

Siku ya tatu mkewe alifunga nguo zake kwenye kanga. "Nakupa mpaka jioni. Kama hajaondoka, nabeba cherehani yangu nakwenda kwa kaka. Ulitaka sifa, kaa nazo."

Na Bingwa, pamoja na majigambo yake, alimpenda yule mwanamke. Hakuwa na mwingine wa kumwambia ukweli. Alikwenda kwa Karani mbio, peku.

"Mzee wangu, nilipe ile kazi. Laki tatu."

"Ulisema bure."

"Laki moja basi."

"Mbele ya majirani ulisema."

"Sarafu moja, baba! Moja tu, itoke mkononi mwako!"

Karani akakuna kidevu. "Waganga wawili walikuja kuuona mti ule. Mmoja alitaka milioni, wa pili alifika getini akageuza. Ndipo ukaja wewe na bure yako. Nililia kwa furaha chooni." Akamtazama juu mpaka chini. "Sarafu ninayo. Utainunua kwa kitu gani?"

Bingwa akaenda, akarudi na msumeno. Karani aliuwasha kwanza ahakikishe ni mzima, ndipo akatoa sarafu, tena ile iliyochakaa zaidi.

Jua lilikuwa linazama Bingwa alipoingia kwake. Mkewe alikuwa mlangoni, cherehani kichwani, akingoja aone. Bingwa akaiweka sarafu mezani mbele ya kiti kilichobonyea.

"Nimelipwa," alisema kwa sauti ndogo. "Aliyekufukuza ni Karani. Mrudie yeye."

Sarafu ikaanza kujiburuta mezani, taratibu, kidogo kidogo, kana kwamba kuna kidole kikavu kinaisukuma huku na huku kikiipima uzito, na harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumba mpaka taa ikafifia, na kiti kikalia kwa uzito wa kitu kinachojinyoosha mgongo baada ya kushiba.

"Sarafu imetoka kwake," sauti ikasema. "Nayo ilinunuliwa kwa kitu gani?"

Bingwa akautazama mkono wake mtupu.

"Kwa msumeno wako. Basi umenifukuza wewe, na gharama ya kunihamisha umeitoa wewe. Miaka yangu yote sijapata mwenyeji mkarimu hivi."

Mkewe hakuaga. Nyayo zake zilipotea njiani, na Bingwa bado amesimama palepale, mdomo wazi.

"Funga mlango," kiti kikasema. "Upepo unaingia."