Chiriku Aliyesafiri Akiwa Chumbani

Nyumba ya fundi cherehani haikukosa kelele. Cherehani ilinguruma, wateja walibisha hodi, na binti yake alipiga domo tangu chai ya asubuhi mpaka usiku. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Chiriku.

Lakini wiki hiyo nyumba ilikuwa kimya. Mapazia yalifungwa mchana kutwa. Jamani, hata redio ilizimwa!

Kisa ni hiki. Chiriku alipata nafasi ya kusomea ufamasia katika chuo cha nchi ya mbali. Mama yake, yule fundi, aliuza kiwanja chake, akalipa ada ya mwaka mzima. Jumamosi wakaagana na majirani. Watu wakala, wakacheza, wakatoa zawadi. Jumapili ukaja ujumbe kwenye simu. Chuo kimefilisika, kimefungwa.

"Mama, tufanyeje?" Chiriku aliuliza huku akilia.

"Funga mlango," mama akasema. "Watu wanajua unaondoka leo. Basi umeondoka. Mimi uso wangu nitauweka wapi?"

Basi binti akasafiri akiwa chumbani. Alitembea kwa kunyata, akanong'ona kama mwizi. Mama alipoulizwa habari zake, alijibu, "Amefika salama. Huko kuna baridi kweli kweli." Kila akisema hivyo, moyo ulimuuma. Kiwanja hana, chuo hakipo, na hana wa kumwambia.

Jirani yao alikuwa muuguzi, naye aliwahi kusoma ng'ambo. Jioni moja alikuja kuchukua sare yake. Huku akiijaribu, akasimulia jinsi mgonjwa mmoja alivyokimbia sindano, akaacha suruali kitandani. Mara kicheko kikapasuka chumbani. Mtaani kote hakuna aliyecheka vile ila Chiriku.

Muuguzi akamgeukia mama. "Dada, kumbe baridi yenyewe iko humu ndani?"

Mama akaketi, akalia, akaeleza yote. "Pesa zimeliwa. Nimekwisha, mwenzangu."

"Nani kakwambia zimeliwa? Chiriku, toka huko, mwanangu. Mlimlipa nani?"

"Tulilipa kwenye akaunti ya chuo, mama mdogo. Risiti ninayo."

"Hapo mmefanya la maana. Wengine humpa wakala pesa mkononi, bila risiti, halafu wanatafutana. Sasa nisikilizeni. Nchi nyingine zina mpango wa kulinda ada za wanafunzi wa kigeni. Chuo kikifungwa, mwanafunzi husaidiwa kupata chuo kingine chenye masomo yale yale. Asipopata kinachomfaa, anaweza kurudishiwa ada ya masomo ambayo hakufundishwa. Si kila nchi ina mpango huo. Tuangalie hiyo yenu."

"Na wakili nitamlipa kwa pesa gani mimi?" mama akauliza.

"Wakili wa nini? Nilikosoma mimi, kuomba ilikuwa bure. Mtu akikudai pesa ili akurudishie pesa zako, mkimbie! Ila kuna siku ya mwisho ya kuomba. Ikipita, unaweza kukosa."

Mama akashika kichwa. "Yaani mapazia yangu yangetumaliza?"

"Yangewamaliza, dada yangu."

Wakafungua tovuti ya serikali ya nchi ile. Mpango upo, na siku ya mwisho haijafika! Chiriku akatuma barua ya kukubaliwa chuoni, risiti na nakala ya pasipoti. Wakaanza kungoja. Mama alishona mashati mawili bila matundu ya vifungo, kwa mawazo tu.

Hatimaye jibu likaja. Chuo kingine kimempokea Chiriku, na ada waliyolipa imehamishiwa huko. Hakuna cha kuongeza. Mama alihisi kama ametuliwa gunia kichwani. Akafungua mapazia yote, akatoka mlangoni, akawaambia majirani ukweli wote.

"Kumbe zawadi zetu zilikuwa hapo hapo!" mwenye duka akasema, watu wakaangua kicheko. "Safari hii hatuondoki mpaka ndege iruke."

Wakamsindikiza kweli.

Siku hizi mzazi akileta nguo za mtoto anayekwenda kusoma nje, fundi humuuliza kabla ya kushika futi. "Chuo kikifungwa, au viza ikikataliwa, ada itarudi vipi? Soma masharti kabla hujalipa."

Siku Chiriku alipofika chuoni, alipiga simu. "Mama! Huku kuna baridi kweli kweli!"

Mama akacheka mpaka akaacha kushona. Kisha akatoka mbio kwenda kumwambia muuguzi.