Pumzi ya Mama Adolphine

Mama Adolphine alikuwa akisimama kila mara kwenye ngazi ya tatu ya ghala kufunga upya kikwembe chake kiunoni. Kikwembe hakikuwa kimefunguka. Francine aliona hilo kabla ya mtu mwingine yeyote, lakini hakuwa msichana wa maneno mengi. Alimpita na gunia lake.

Wote wawili walifanya kazi katika depo ya mpunga mjini Kindu, Kongo. Mashine ilikoboa, nao walipandisha magunia ghalani. Vumbi la makapi lilijaa hewani kutwa nzima. Kila asubuhi watu walisimama nje ya mlango kuomba kazi.

Siku moja Mama Adolphine alianguka na gunia. Kifua chake kilikuwa kikilia filimbi. Mkuu wa depo, Bwana Bruno, alitoka ofisini.

"Mama, hapa si hospitali," alisema. "Ukianguka tena, nitachukua mwingine. Nje kuko watu wengi."

Bwana Bruno mwenyewe aliumwa mgongo. Alinunuliwa kiti chenye mto, na kila siku saa sita mchana alienda nyumbani kulala. Hakuna aliyemwita mvivu.

Baada ya kazi Francine alimpeleka Mama Adolphine kwa Josiane, jirani yao, muuguzi wa kituo cha afya. Josiane alimsikiliza kifuani.

"Hii njo asma, ugonjwa wa pumu, mama. Ilianza lini?"

"Ni kikohozi tu."

"Nimeuliza lini, sikuuliza jina."

Mama Adolphine alikaza kikwembe chake. Kisha akasema, "Wakati wa vita askari walitubebesha mizigo toka mji wa Kama. Mwenye kusema anaumwa aliachwa njiani. Dada yangu alisema anaumwa."

Josiane alitoa kichupa cha dawa ya kuvuta kwa mdomo.

"Pole, mama. Lakini ugonjwa huu hauponi kwa kufichwa. Dawa hii utaivuta kila siku, hata siku unajisikia muzuri. Na nitakuandikia karatasi: usikae kwenye vumbi, usibebe mizigo."

"Wakisoma hiyo, watanifukuza."

"Karatasi haisemi ufukuzwe. Inaomba upewe kazi ambayo mwili wako unaiweza. Nani anashona midomo ya magunia?"

"Vijana wawili. Wanakaa mlangoni, kwenye upepo."

"Na mikono yako inaumwa?"

Mama Adolphine aliitazama mikono yake. "Hapana," alisema.

Kesho yake Francine alimsindikiza ofisini. Bwana Bruno alisoma karatasi, mgongo wake ukiwa kwenye mto.

"Nikimuhamisha huyu, kesho depo nzima itakuwa wagonjwa," alisema.

Francine alisikia sauti, akashangaa kuwa ni yake.

"Patron, wewe ulipopewa kiti, nani mwingine aliumwa mgongo?"

Wabebaji waliokuwa mlangoni walicheka. Bwana Bruno hakucheka. Alimwambia Francine akae nyumbani siku tatu bila kulipwa. Lakini karatasi aliiweka mezani, na juma hilo Mama Adolphine alipewa sindano na uzi. Kijana mmoja wa kushona alichukua nafasi yake kwenye ngazi.

Miezi minne ikapita. Mama Adolphine hakuanguka tena. Magunia aliyoshona yalivuka mto mpaka Alunguli, ng'ambo ya pili, bila kupasuka, na wanunuzi wakaanza kuyataka hayo. Bwana Bruno akawapa wote vitambaa vya kufunga pua.

Hata hivyo, kila jioni akirudi nyumbani Mama Adolphine alipumzika mara mbili njiani. Josiane alikuwa amemweleza bila kumficha: angekuja mapema, kifua kisingeharibika hivi. Sasa dawa ingemsaidia, lakini pumzi yake ya zamani isingerudi yote.

Mchana mmoja Francine na Mama Adolphine walikuwa wakila sombe ya majani ya muhogo, Mama Adolphine akasema, "Wewe njo uliniokoa, mwanangu."

Francine aliacha kula.

"Hapana, mama. Nilikuona mwaka mzima ukisimama kwenye ngazi. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa: wakikuondoa, mpaka mgeni azoee kazi magunia yako yatakuwa yangu."