Kibao Kilipokwama

Jua lilikuwa linaegemea Mlima Elgon wakati Nangila na baba yake mdogo, Wanyonyi, walipopita Kitale mjini bila kusimama. Walishika barabara ya Endebess kumtafuta mpiga ramli mmoja ambaye hawakuwahi kumwona. Hilo ndilo lilikuwa sharti la familia: aulizwe mtu wa mbali, asiyejua jina la yeyote kule kwao Mabanga.

Tonny, mdogo wake Nangila, alikuwa amekufa kabla mahindi hayajavunwa. Kijana mzima, hana hata mafua. Aliingia zizini jioni kukamua, na mama yao alipokwenda kumwita akamkuta amelala kando ya ndoo, povu mdomoni. Hospitali walisema ni moyo. Watu wakazika, wakala, wakatawanyika. Halafu maneno yakaanza.

Ati ni Nasimiyu. Mjane wa shamba la pili. Ati alionekana alfajiri akipita langoni mwao bila nguo, akicheka. Aliyelisema kwanza ni Wanyonyi, na baada yake kila mtu akawa amemwona. Vijana walikuwa wameshakubaliana: Jumamosi nyumba ya mjane ingechomwa, naye akiwa ndani.

Nangila hakuamini. Nasimiyu ndiye aliyemfundisha kushika sindano, kabla Nangila hajahamia Kitale kushona mapazia. Mama yao alipolazwa miezi mingi, ni Nasimiyu aliyemlisha Tonny uji. Kwa hiyo Nangila alisimama mbele ya wazee akaomba jambo moja tu: waulize kwanza. Ramli ikimtaja Nasimiyu, yeye atanyamaza. Isipomtaja, wamwache.

Wanyonyi alikubali haraka. Akasema atampeleka yeye mwenyewe kwa gari lake.

Mpiga ramli alikuwa bibi kizee aliyevaa sweta ya shule iliyopauka. Walimkuta amekaa mlangoni akipukuchua maharagwe, redio inaimba nyimbo za kanisa. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akamwambia Wanyonyi asubiri kwenye gari.

Wanyonyi alicheka kidogo. Akaeleza kwamba yeye ndiye mkubwa wa familia, na kwamba msichana huyu hajui hata pa kuanzia.

"Mimi huuliza na mtu mmoja," bibi alisema. "Wawili huvutana."

Ndani kulikuwa na giza la mapema na harufu ya moshi. Bibi alivuta kigoda, akakilowesha juu kwa maji, akaweka hapo kibao kidogo kilichong'aa kwa kushikwa na mikono mingi. Akamwonyesha Nangila namna ya kukisukuma mbele na nyuma. Kikiteleza, jibu ni hapana. Kikikwama, ni ndiyo.

"Uliza moyoni. Sitaki kusikia jina."

"Sasa Kukhu, bibi yangu, wewe utajuaje?"

"Kwani ni mimi nataka kujua?"

Nangila akaweka kiganja. Akasukuma.

Shwa… shwa… shwa…

Ni Nasimiyu? Kibao kiliteleza kama sabuni. Alirudia swali, maana hilo ndilo lililomleta. Kikateleza tena. Moyo wake ukatulia. Angeweza kuinuka hapo hapo, akaaga, akarudi nyumbani na jibu lake.

Hakuinuka.

Ni ugonjwa?

Shwa… shwa…

Ni mtu?

Kibao kikasita. Kikakwama.

Bibi alinyoosha mkono akazima redio.

Nangila alikirudisha kibao mwanzo. Akakisukuma tena. Ni mtu wa mbali? Kikateleza. Ni mtu wa nyumbani? Kikakwama. Sasa maswali yalikuja yenyewe, hakuyachagua, kama mtu anayeteremka mlima na miguu haikubali kusimama. Alikaa matanga nasi? Kikakwama. Yuko karibu?

Kikakwama.

Yuko hapa?

Kibao kilishika. Si kibao tu. Kiganja chake nacho kilishika, vidole vikalala bapa, na hakuweza kuuinua mkono. Ndipo harufu ikaingia. Kali. Ya kuchoma pua. Alizaliwa penye ng'ombe, aliijua kabla hajaitafutia jina. Dawa ya kupe.

Chini ya mlango, pale mwanga wa jioni ulipokuwa unapenya, palikuwa na vivuli viwili vyembamba. Miguu ya mtu. Imesimama kimya.

Bibi alimwaga maji juu ya mkono wa Nangila mpaka ukaachia.

"Usiniambie ulichouliza," alinong'ona. "Mimi najua kufungua tu. Kufunga… sijawahi kujua."

Nangila alipotoka, Wanyonyi alikuwa ameegemea gari lake kana kwamba hakuwahi kubanduka hapo.

Walipita tena Kitale, wakapita Kiminini. Giza lilikuwa limeingia na mashamba ya mahindi yalikuwa yamesimama pande zote mbili za barabara. Wanyonyi hakuwasha redio.

"Kimesema nani?" aliuliza mwishowe.

"Kimesema ni ugonjwa, Baba."

Wanyonyi alipunguza mwendo.

"Si nilisikia kikinyamaza," akasema polepole. "Nilisikia kikisuguliwa, halafu kimya. Kimya ni ndiyo. Uliuliza nini hapo mwisho?"

Nangila alishika mkanda wa kiti. Alitaka kufungua dirisha, maana ile harufu ilikuwa imerudi. Sasa ilikuwa ndani ya gari. Wanyonyi naye aliisikia: alikuwa akivuta pumzi kwa pua, fupi fupi, kama mbwa.

Karibu na Kamukuywa barabara inapanda. Gari lilianza kuunguruma, likahitaji gia nyingine. Wanyonyi hakubadilisha. Nangila akatazama.

Mkono wa kushoto wa Wanyonyi ulikuwa juu ya gia, vidole vimelala bapa. Aliuvuta. Haukuja. Akauvuta tena kwa nguvu, bega likaruka, mkono ukabaki pale pale.

Gari likazimika katikati ya mlima.

"Mwambie aniachie," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtoto.

"Nani?"

"Unamjua. Ameketi nyuma."

Nangila hakugeuka. Alisikia kiti cha nyuma kikilia, kama kinavyolia mtu mzito anapoinama mbele.

"Mwambie nilitia dawa kidogo tu kwenye chai yake… Nilitaka augue. Angekuja na wapimaji wa ardhi wiki ile, na mimi shamba lile nimelilima tangu baba yenu afe. Kidogo tu, Nangila. Mwambie."

Alilia. Mkono ukaachia ghafla, na ngozi ya kiganja ikabaki kwenye gia.

Wanyonyi aliwasha gari tena, akaendesha mpaka Mabanga.

Uani kulikuwa na watu wengi kuliko Nangila alivyowaacha. Vijana walikuwa wamekaa upande mmoja, na kando yao dumu la petroli. Nangila alisimama mbele yao akasema ramli imemkataa Nasimiyu mara mbili, na atakayemgusa atakuwa ameua mtu asiye na kosa. Alisema kwa sauti ambayo hakujua kuwa anayo. Mzee mmoja akauliza, basi ni nani?

Nangila aligeuka kumwonyesha Wanyonyi. Mlango wa gari ulifungwa, injini ikanguruma, na taa nyekundu zikaelekea upande wa Kanduyi mpaka zikapotea.

Nasimiyu hakuchomwa. Hilo lilipatikana. Lakini mengine yalikataa kukaa sawa. Polisi walimsikiliza Nangila vizuri mpaka alipofika kwenye kibao, hapo yule afisa akaweka kalamu chini. Wakasema labda mwili ufukuliwe upimwe. Mama akakataa. Hangemzika mwanawe mara ya pili. Na yale maneno ya garini, nani mwingine aliyasikia? Mama alimpenda shemeji yake. Ndiye aliyemsaidia kulea watoto. Alimsikiliza Nangila mpaka mwisho, kisha akamwomba asiyarudie tena mbele ya watu.

Nangila akarudi Kitale kwenye mashine yake ya kushona. Alijua, na hakuwa na kitu cha kumwonyesha mtu. Usiku alijigeuza kitandani akijiuliza kama kweli ni kibao kilichojua. Au mkono wake ulikuwa unajua tangu siku ya maziko, tangu alipomwona Wanyonyi akinawa, ananawa tena, halafu ananusa vidole. Labda ramli haikumpa kitu. Labda ilimnyima tu nafasi ya kutojua.

Jioni moja wateja walikuwa wameondoka. Alitandaza kitambaa cha pazia juu ya meza ya kukatia, akakinyoosha kwa kiganja kama alivyonyoosha vingine vyote. Mbele. Nyuma.

Shwa… shwa…

Mkono ukakwama.

Alisimama akiutazama. Hakuwa ameuliza chochote. Kisha harufu ikaja, pale katikati ya vitambaa vipya.

Alichukua simu kwa mkono uliobaki akampigia mama yake. Mama alipokea haraka, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo Nangila hakuwa ameisikia tangu Tonny afe.

"Nilikuwa nikupigie. Baba yako mdogo amerudi. Amepiga magoti hapa, amelia mpaka nimemwonea huruma. Mkono wake umefungwa kitambaa, na bado ameenda zizini mwenyewe kutukamulia maziwa. Sasa hivi tunakunywa chai."

"Mama, usiinywe."

Simu ilikwaruza. Mbali, nyuma ya mama, mtu alikohoa.

"Ati nini, mwanangu? Sema kwa nguvu."

"Usiinywe hiyo chai. Mama!"

Upande wa pili Nangila akasikia kikombe kikiwekwa mezani, taratibu, kama kinavyowekwa kikombe kitupu.